Mzimu wa baba yake Hamlet: kwa nini haukumuua Claudius wenyewe?

#1 Mwalimu wa Mpumudde
Habari zenu wanajukwaa. Nafundisha fasihi kidato cha tano (S5) hapa Jinja na mwaka huu tunasoma Hamlet, tamthilia ya Shakespeare juu ya mwana wa mfalme wa Denmark ambaye ami yake, Claudius, amemuua baba yake na kutwaa kiti. Juzi tumefika pale mzimu unapomsimulia kijana jinsi baba alivyomiminiwa sumu sikioni akiwa amelala bustanini mchana. Binti mmoja wa benchi la nyuma akanyosha mkono: "Mwalimu, kama mzimu unaweza kutembea, kuvaa deraya na kuongea, kwa nini usiende chumbani kwa Claudius ukammaliza? Kwa nini umbebeshe mtoto?"

Darasa zima likamuunga mkono. Wanafunzi wangu wanatoka Busoga, Bukedi, Teso, na wote wamekulia kwenye simulizi ambamo mzimu uliokosewa unafanya kazi yake wenyewe. Watoto wanaugua, ng'ombe wanakufa, mimba zinaharibika, mpaka wazee wakae chini waulize nani kati yetu amemkosea marehemu. Huu wa Elsinore, kasri la mfalme wa Denmark, una haki zote za kukasirika, na bado unamtuma mwanafunzi wa chuo.

Dai langu, mlipinge mnavyotaka: janga la Hamlet halianzi na kusitasita kwake kama vijitabu vya kudurusia mitihani vinavyokariri. Linaanza pale mzimu unapomkabidhi mtoto kazi ambayo ni ya mkubwa. Mnaonaje?

#2 Kalamu ya Busia
Mwalimu, jibu ni la ukumbini. Mzimu ukimuua Claudius sehemu ya kwanza, watu waliolipa kiingilio wanarudi nyumbani kabla hawajakaa sawa.

Lakini pia hiyo ni desturi aliyoirithi. Kwa Seneca, Mrumi, kazi ya mzimu ni kufungua mchezo. Kwenye Thyestes, mzimu wa Tantalus unaburutwa kutoka kuzimu ili uambukize nyumba ya wajukuu wake, nao wenyewe hautaki, unasukumwa. Kisha Thomas Kyd, kabla ya Hamlet, akaandika tanzia yake ya Kihispania. Mzimu wa Andrea unaketi jukwaani mwanzo hadi mwisho pamoja na Kisasi mwenyewe aliyepewa umbo la mtu, wanatazama walio hai wakichinjana. Mzimu wa tamthilia za aina hiyo ni mwenye kesi. Hashiki kisu.

#3 Nakato K
Mnahangaika bure. Hamlet peke yake ndiye aliyeuona huo mzimu. Kijana amefiwa na baba, hata miezi miwili haijatimia mama kaolewa na baba mdogo, kiti cha ufalme kimeshakaliwa. Hapati usingizi, hagusi chakula, amevaa nyeusi huku wenzake wanakunywa. Mzimu umo kichwani mwake, na kilichomo kichwani hakiwezi kumchoma mtu kisu.

#4 Tabora hadi Makerere
Dada Nakato, tuweke kumbukumbu sawa. Hamlet ni mtu wa nne kuuona. Walinzi wawili, Barnardo na Marcellus, walishauona usiku wa kabla. Wakamleta Horatio, msomi aliyekuwa anasema ni mawazo yao tu, naye akauona kwa macho yake. Horatio ndiye anayetambua kwamba deraya ni ileile mfalme aliyovaa alipopigana na mfalme wa Norway. Shakespeare amejitahidi sana kutufungia mlango huo wa "kichwani" kabla Hamlet hajatokea hata mara moja.

Unachosema kinafaa kwa Macbeth, mchezo mwingine wa Shakespeare. Mzimu wa Banquo, rafiki ambaye Macbeth ameamuru auawe, unaketi kwenye kiti chake karamuni, wageni wote hawaoni kitu, Macbeth tu ndiye anayetokwa na jasho. Simon Forman alitazama mchezo huo Globe mwaka 1611 na akaandika kwenye kumbukumbu zake juu ya mzimu huo ulioketi kitini. Kwa hiyo siku hizo alikaa mwigizaji kabisa, si kiti kitupu kama vikundi vingi vya sasa vinavyofanya.

#5 Nakato K
Na chumbani kwa mama je? Sehemu ya tatu. Hamlet anaongea na mzimu, Gertrude anaona ukuta. Mke aliyelala na mtu huyo miaka yote asimwone, mlinzi wa zamu amwone? Msimamo wangu uko palepale. Ule wa kwanza ni wa umma, mwiteni mzimu. Ule wa chumbani ni wa Hamlet.

#6 Tabora hadi Makerere
Hapo una hoja nzito. Ongezea hii: chapa ya 1603, ile fupi iliyovurugika, ina maelekezo kwamba mzimu unaingia chumbani ukiwa na nguo za kulalia. Nje kwenye boma ulivaa deraya, ndani kwa mkewe umevaa nguo za kulalia. Mimi hilo linanigusa kuliko hotuba zote. Ni mume aliyerudi nyumbani, na mkewe haoni kitu.

#7 Binti Hoima
Mwalimu, asante kwa uzi. Nyumbani kwetu Bunyoro jambo la mzimu halikuwa la kuamini au kutoamini, lilikuwa la kuuliza. Bibi mzaa baba alikuwa na shangazi yake aliyekufa akiwa amenyimwa chakula na kaka zake wakati wa ugonjwa. Miaka ilipita, vitoto vya kaka hao vikawa vinaumwa degedege kimoja baada ya kingine. Hawakusema "ni malaria" wakaishia hapo. Walimtafuta mtu anayejua kuongea na waliokufa, mzimu ukapanda kichwani kwa mmoja wa mabinti, ukaulizwa: wewe nani, unataka nini, umekosewa wapi? Ukajibu. Ukajengewa kibanda chake kidogo, ukapewa mbuzi, ukatulia. Bibi alikuwa anatuonyesha hata mahali kibanda kilipokuwa, karibu na mti wa gome nyuma ya jiko.

Sasa rudini Elsinore. Marcellus anamwambia Horatio: wewe umesoma, zungumza nao. Huyo ndiye "mganga" wao, mwanafunzi wa chuo, kwa sababu walidhani mizimu inajibu lugha ya wasomi. Horatio anauliza maswali ya haki kabisa, hata anauliza kama kuna jema lolote linaloweza kufanywa kuutuliza. Mzimu unataka kufungua kinywa, jogoo anawika, unatoweka.

Kwa hiyo mimi nakataa kwamba mzimu ulishindwa kuua. Nasema Elsinore haina mtu wa kuupokea. Hakuna ukoo unaokaa chini, hakuna anayesema tufanye nini uondoke. Kuna kijana mmoja tu anayeapishwa asiseme neno.

#8 Mnubi wa Bombo
Asalaam aleikum. Nimesoma kimya, sasa nachangia.

Sisi Waislamu tunaamini roho ya aliyekufa iko barzakh, inakongojea Kiyama, hairudi kutembea barazani. Anayekuja na sura ya marehemu ni mwingine. Na Hamlet mwenyewe anaogopa hilohilo, anasema wazi kwamba huenda aliyemwona ni shetani, maana shetani ana uwezo wa kuvaa sura ya kupendeza, na anajua yeye Hamlet ana huzuni, mlango uko wazi.

Sasa swali la yule binti linajibika. Shetani haui. Shetani ananong'ona. Katika Surat Ibrahim, siku ya hukumu atawaambia waliomfuata kwamba hakuwa na mamlaka yoyote juu yao, ila aliwaita nao wakamwitikia. Mkono lazima uwe wa binadamu, vinginevyo hakuna dhambi ya kuvuna. Sasa hesabuni maiti: Polonius, Ophelia, Rosencrantz, Guildenstern, Gertrude, Laertes, Claudius, Hamlet. Wanane kwa ajili ya mmoja, na nchi ikaishia mikononi mwa Fortinbras wa Norway, mtoto wa yule yule mfalme aliyeuawa na marehemu. Huyo ni mzimu wa baba mwenye mapenzi na nyumba yake?

#9 Mwalimu wa Mpumudde
Mzee wangu wa Bombo, hoja imenishika. Ila mzimu ulisema kweli! Claudius anakiri mwenyewe akiwa kwenye sala, hakuna anayemsikia ila sisi watazamaji. Shetani aje na ushahidi wa kweli?

#10 Mnubi wa Bombo
Ndiyo, aje nao. Banquo analisema kwenye Macbeth: vyombo vya giza hutuambia kweli ndogondogo ili vitunase kwenye jambo kubwa. Muongo anayesema uongo mtupu hana wateja.

#11 Kalamu ya Busia
Mnubi na mafundisho yake yamependeza, ila mzimu wenyewe unajieleza kwa Kikatoliki. Unasema umehukumiwa kutembea usiku kwa muda fulani na kufunga ndani ya moto mchana mpaka dhambi zake ziteketezwe. Hiyo ni toharani, wazi kabisa. Na Hamlet anasoma wapi? Wittenberg, chuo cha Luther, palipoanza ule mzozo wa 1517. Kanisa la Uingereza la wakati wa Shakespeare lilishaikana toharani. Baba anazungumza dini ya zamani, mtoto amesoma dini mpya, watazamaji wamegawanyika katikati. Nani kati yao angejua kwa hakika huo mzimu ni wa nani?

Sisi watu wa mpakani tunaelewa hali hiyo. Nyumba moja babu anatambika, baba ni Mkatoliki, mtoto ameokoka, na marehemu ni mmoja.

#12 Mwana wa Gulu
Huu uzi umenigusa pasipo kawaida, mniwie radhi nitakuwa mrefu.

Kwetu Acholi tunayo cen. Ni roho ya mtu aliyeuawa vibaya au aliyeachwa bila kuzikwa. Haimngoji mtoto wa kiume aamue. Inamwingia aliyeua, inaingia kwa watu wake, hata kwa aliyepita tu juu ya mifupa bila kujua. Mwenye cen anaweweseka, anamwona marehemu, anajaribu kujidhuru au kuwadhuru wengine. Watu waliporudi vijijini kutoka kambini baada ya vita, mjomba wangu alikuta mifupa kwenye shamba lake, chini ya mwembe, na kipande cha sweta ya buluu. Hakuna aliyejua ni ya nani, kama ni askari, mwasi au mtoto aliyetekwa. Hakulima. Msimu mzima shamba lilikaa majani huku watu wana njaa, mpaka wazee walipokuja na mbuzi, wakaongea na huyo mtu asiye na jina, mifupa ikazikwa ndipo jembe likaingia. Hakuna aliyemcheka mjomba.

Kwa hiyo sisi swali la binti wa Jinja tunaligeuza. Mzimu unaweza, tena sana. Swali letu ni nini kinauzuia usiendelee. Na jibu la wazee si kisasi. Kuna mato oput. Upande wa muuaji unakiri, wapatanishi wanakwenda na kurudi hata miaka, fidia inalipwa kwa ukoo wa marehemu, halafu wawakilishi wa koo mbili wanainama kwenye kibuyu kimoja wanakunywa mzizi mchungu wa oput. Nimeona uso wa mtu akiinua kichwa kutoka kwenye kile kibuyu. Ule uchungu si wa kuigiza. Makubaliano ya Juba ya 2007 kati ya serikali ya Uganda na waasi wa LRA, juu ya uwajibikaji na maridhiano, yaliutaja utaratibu huu kwa jina.

Mgiriki aliyekaribia kutuelewa ni Aeschylus. Mwaka 458 kabla ya Kristo aliandika michezo mitatu inayofuatana. Agamemnon alimtoa binti yake kafara ili jeshi lipate upepo. Clytemnestra akamuua mumewe kwa ajili ya binti. Orestes akamuua mama kwa ajili ya baba. Kila mmoja ana sababu, kila mmoja anadai haki. Mzimu wa Clytemnestra unatokea, na haumtafuti mtoto wa kumtuma, unawaamsha Erinye, wale wa kike wa kutisha wanaodai damu ya mama, wamesinzia, unawakemea: mnalala? Mwisho wake ni mahakama Athene. Kura zinalingana, Athena anamwachia Orestes. Halafu ndipo kitu ambacho wengi wanakipita haraka: wale Erinye hawafukuzwi. Wanabembelezwa kwa maneno marefu, wanapewa makao chini ya mji na heshima yao ya kudumu. Hasira ya waliokufa imepewa nyumba. Mtu wa Gulu akisoma pale anajua anachosoma.

Denmark hawakuwa na kitu kama hicho. Mfalme ndiye hakimu, na mfalme ndiye muuaji.

#13 Kalamu ya Busia
Mwana wa Gulu, heshima kwako. Mato oput ndiyo ile ya kukunja mikuki, sivyo?

#14 Mwana wa Gulu
Hapana, ni mbili tofauti. Kukunja mikuki ni gomo tong, hiyo ni ya kumaliza vita kati ya makabila au koo kubwa, ncha ya mkuki inapindwa isirudi tena upande wa mwingine. Mato oput ni ya mauaji, ukoo na ukoo. Magazeti huzichanganya kila siku.

#15 Nakato K
Sasa mmenifikisha nyumbani. Hamlet ni kesi ya olumbe, sherehe ya kumaliza msiba, ambayo haikufanyika.

Buganda mtu akifa, msiba haujaisha mpaka siku ya kwabya olumbe, ukoo umekutana, omusika, yaani mrithi, amevishwa lubugo, nguo ya gome, na kukabidhiwa mkuki mbele ya watu wote. Omusika ni mtoto. Ndugu wa marehemu anaweza kuwa omukuza, mlezi wa nyumba na watoto, lakini hakai kwenye nafasi ya marehemu kama yake. Claudius amefanya nini? Amechukua mkuki, amechukua mjane, na amemwambia kijana mbele ya baraza aache kulia kwa sababu baba wote hufa. Hakuna ukoo uliokaa, hakuna mrithi wa marehemu aliyesimikwa. Marehemu huyo atalala vipi?

Ndiyo maana mzimu hauwezi kumuua Claudius wenyewe. Claudius akifa kwa degedege kesho, Hamlet bado si mrithi. Mzimu unataka mtoto asimame. Tazameni alivyoruka ndani ya kaburi la Ophelia akajitangaza kwa sauti: mimi ndiye Hamlet, Mdenmarki! Ni mara ya kwanza anajiita kwa jina la kifalme. Pale ndipo amevaa lubugo.

#16 Mzee wa Arua
Nakato ulianzia kichwani mwa Hamlet, sasa uko kwenye ukoo umevaa gomesi. Safari njema mwanangu, endelea.

Lakini tahadhari. Kuna mama wa Kimarekani, mwanaanthropolojia Laura Bohannan, aliyewasimulia wazee wa Kitivi huko Nigeria hadithi ya Hamlet na kuandika makala yake mwaka 1966. Wazee walimwambia ameikosea hadithi. Claudius amefanya vyema kumwoa mjane wa kaka yake, tena upesi, nani angelima mashamba? Na mzimu hautembei, hiyo ilikuwa ishara iliyotumwa na mchawi. Na kosa kubwa la Hamlet ni kuinua mkono dhidi ya baba mdogo badala ya kupeleka jambo kwa wazee wa rika la baba yake. Kwa hiyo Afrika haina sauti moja hapa. Upande wetu huku West Nile nako mjane kurithiwa na shemeji halikuwa jambo la kumtoa mtu machozi.

Mimi kinachonishangaza ni kwamba tunazungumza kama vile tanzia lazima iwe na mzimu. Gipir na Labongo wa simulizi za Waluo wana mzimu gani? Ndugu wawili. Mmoja anachukua mkuki wa mwenziwe kumfukuza tembo, tembo anaondoka nao mwilini. Mwenye mkuki anakataa fidia yoyote, anataka mkuki wake uleule. Mwenzie anakwenda mpaka nchi ya tembo, anaurudisha, na shanga nzuri amepewa njiani na bibi kizee. Siku moja mtoto mchanga wa yule mwenye mkuki anameza ushanga. "Nataka ushanga wangu uleule." Mtoto anapasuliwa. Hapo hakuna aliyekufa anayedai kitu. Walio hai wanatosha.

#17 Mama Pakwach
Mzee, umesimulia vizuri ila malizia: walipigilia shoka pale kwenye Nile, Wang Lei, karibu na Pakwach, wakaapa kutokuwa pamoja tena, mmoja akavuka magharibi, mwingine akabaki mashariki. Na nani alikuwa mwenye mkuki, nani mwenye ushanga, inategemea umesimuliwa upande gani wa mto. Sisi Waalur tunamfuata Gipir, kwa hiyo msitegemee nimseme vibaya.

#18 Binti Hoima
Na kama ni shujaa wa tanzia bila mzimu, sisi tunaye ambaye alikataa kuwa wa tanzia! Bukuku, mlinzi wa lango aliyejitwalia nchi mfalme Isaza alipopotelea kuzimu, alitabiriwa kwamba mtoto wa binti yake atamletea balaa. Akamkata binti, Nyinamwiru, jicho moja, sikio moja, titi moja, akamfungia. Mtoto akazaliwa hata hivyo, akatupwa mtoni, mfinyanzi akamwokota. Akakua, akagombana na wachungaji wa Bukuku mahali pa kunyweshea ng'ombe, akampiga babu yake mkuki, akaketi kwenye kiti chake. Huyo ni Ndahura, wa kwanza wa wafalme Wachwezi.

Mnaona ilivyo karibu na Oedipus, yule mfalme wa tanzia ya Kigiriki aliyemuua baba na kumwoa mama bila kujua? Ubashiri, mtoto kutupwa, mlezi wa kando, damu ya mzee wa nyumba. Ila Oedipus anapojua alichofanya anajitoboa macho kwa vifungo vya nguo ya Jocasta, mama na mkewe, na Ndahura anakuwa mfalme mkuu. Aristotle alisema shujaa wa tanzia si mwema kabisa wala si mwovu, anaangushwa na kosa. Ndahura hakuanguka. Aliyelipa ni mama yake, aliyepata habari mbili kwa pamoja: baba yako amekufa, na mwanao yu hai. Mimi tamthilia ningeandika juu ya huyo mama.

#19 Kalamu ya Busia
Andika dada, tutakuja National Theatre kukutazama.

Nyongeza fupi: Sophocles, Mgiriki, kwenye Oedipus wake hakuuleta mzimu wa Laius, baba aliyeuawa. Seneca alipoandika Oedipus wake, akauleta. Unaitwa kutoka kuzimu, nao unamtaja muuaji. Warumi hao hawakuweza kuacha kaburi lifungwe.

#20 Tabora hadi Makerere
Sisi wa pwani ya Waswahili na Tanzania tuna wawili wa kuweka mezani.

Kwanza Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi za Waswahili. Mwanawe alihongwa ahadi ya ndoa na cheo, akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba akiwa amelala. Liyongo aliamka na upinde wake, akaenda kisimani, akapiga goti, akavuta mshale, akafa hivyo hivyo. Mji mzima ukakosa maji. Watu walimwona kwa mbali na mshale umevutwa, hakuna aliyethubutu kusogea na mtungi. Wakamwendea mama yake ambembeleze, mama akaimba, akalia, yeye kimya, mpaka mwili ulipoanguka wenyewe. Hapo mtu hakuhitaji mzimu. Maiti yenyewe ilitosha kuwaweka watu na kiu. Na mwana hakupata mke wala cheo, akaugua akafa.

Wa pili ni Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969 juu ya vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani. Hongo, roho ya majini, anamchukua Kinjeketile, naye anarudi na ujumbe wa umoja na maji. Baadaye anaukumbuka ujumbe mzima, na ndani yake mlikuwa na maneno kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar. Anashtuka. Aliyesema nami ni nani hasa? Anawaambia watu wangoje. Hawangoji. Huyo na Hamlet ni ndugu kuliko tunavyofundishwa: wote wamepokea amri kutoka upande wa pili, wote wanataka kujua sauti ni ya nani kabla damu haijamwagika. Mmoja analaumiwa kwa kuchelewa. Mwenzie watu walimkimbilia mbele.

#21 Mwalimu wa Mpumudde
Hiki cha Kinjeketile nakipeleka darasani kesho. Sasa serikali imeamua Kiswahili kiwe cha lazima mashuleni, nataka wasome kwa Kiswahili pia. Hamlet ya Kiswahili sijaiona, lakini si Nyerere alitafsiri Makbeth?

#22 Tabora hadi Makerere
Nyerere ni Julius Caesar, 1963, akairudia na kuiita Juliasi Kaizari mwaka 1969, pamoja na Mabepari wa Venisi. Makbeth ni ya S. S. Mushi, 1968. Ukipata Juliasi Kaizari, wasomee pale mzimu wa Kaizari unapomjia Brutus, mmoja wa waliomuua, hemani usiku. Hauombi kisasi, haumlaumu. Unamwambia tu watakutana Filipi. Mimi naona huo unatisha kuliko wa Hamlet kwa sababu hauna haja na mtu yeyote.

#23 Mzee wa Arua
Mkiwa na Makbeth mkononi, mkumbuke kwamba hapa Uganda kuna miaka ambayo kuigiza mfalme muuaji halikuwa jambo la mtihani. Byron Kawadwa alikuwa mkurugenzi wa National Theatre. Mwaka 1977 aliupeleka mchezo wake Oluyimba lwa Wankoko kwenye tamasha la Lagos, akarudi, akachukuliwa, akauawa. John Ruganda akaandika The Floods, iliyotoka 1980, mhusika mmojawapo ni mkuu wa ujasusi, na ziwa ndilo linaloficha waliokufa. Kwa kizazi chetu mizimu ya jukwaani haikuwa mambo ya Denmark. Tulikuwa na watu ambao hawakuwa na kaburi. Nani angelipiza kwa ajili yao, na dhidi ya nani? Wengine walisema serikali ya Idi Amin ikianguka itakuwa kisasi tosha. Ilianguka 1979. Waulizeni wajane kama ilitosha.

#24 Mwana wa Gulu
Mzee, asante kwa kulisema hilo.

#25 Nasoma Tu
Nimefuata uzi tangu jana, naweka moja. Hadithi ya asili, ya Saxo Grammaticus wa Denmark, ya karibu mwaka 1200, haina mzimu kabisa. Baba yake Amleth anauawa na kaka yake hadharani, kila mtu anajua. Kijana anajifanya chizi ili aishi, anarudi, anachoma ukumbi na walevi ndani yake, anamuua ami yake, anatawala. Hakuna kusitasita. Mzimu uliongezwa Uingereza. Kufikia 1596 mwandishi Thomas Lodge alishataja mzimu unaolia jukwaani "Hamlet, lipiza kisasi!", kabla hata ya mchezo huu tulio nao.

Kwa nini ukahitajika? Mauaji yamekuwa ya siri. Sumu sikioni, habari za nyoka bustanini. Aliyeona ni mmoja, naye amekufa. Mzimu umekuja kutoa ushahidi. Shahidi hanyongi mtu.

#26 Mnubi wa Bombo
Shahidi mmoja hatoshi, kijana wangu, kwetu wala kwa Musa. Ndiyo maana Hamlet anawatumia waigizaji waigize mauaji kama yale mbele ya mfalme na kumwambia Horatio aukazie macho uso wa ami yake. Anatafuta wa pili.

#27 Nakato K
Na akishampata, saa ileile anamkuta Claudius amepiga magoti peke yake, upanga anao mkononi, na anapita. Anasema hataki kumuua akiwa anasali asije akaenda mbinguni. Mnubi, hapo aliyenong'ona ni nani?

#28 Mnubi wa Bombo
Swali hilo nalipeleka kwa sheikh baada ya Ijumaa. Kisasi kinachotaka kumfuata mtu mpaka akhera kimeshavuka mpaka wa haki, na Hamlet alijifunza kwa mzimu, maana malalamiko yake makubwa yalikuwa kwamba aliuawa bila kutubu. Anataka Claudius afe vilevile.

#29 Binti Hoima
Lakini mzimu uliomba mama asiguswe, aachiwe Mungu. Mnaiweka wapi huruma hiyo, kwa shetani?